Mshono Ukaguliwe Kabla ya Rangi

 Jioni hii nazungumza na mafundi wa kuchomelea chuma, pamoja na sisi sote tunaowapelekea kazi. Nawasemesha mafundi wa Gerezani pale Dar es Salaam, wa Kamukunji jijini Nairobi, wa Katwe kule Kampala, na yule kijana mwenye mashine moja chini ya mwembe ambaye hakosekani katika mji wowote mdogo. Hao ndio waliotengeneza geti unalopitia kila siku, nondo za dirisha la chumba unacholala, stendi ya tangi lako la maji, dawati la mwanao na kitanda cha wodini. Kazi yao tunaitegemea usiku na mchana, na ni nadra sana kuizungumza kwa makini.

Nina neno moja la kuwaambia, na mengine yote nitakayoyasema yanatoka humo. Mshono wa chuma ukaguliwe kabla haujapakwa rangi, na mtu wa kwanza kuukagua awe ni yule yule fundi aliyeuchomelea. Fundi anayejua kuusoma mshono wake atazidi kuwa bora kila wiki, hata kama mashine yake ni kuukuu. Asiyejua kuusoma atachomelea miaka ishirini akirudia kosa lile lile.

Nitaanza na ushahidi wa mbali, kwa sababu una uzito usiosahaulika. Jioni ya tarehe 27 Machi 1980, katika Bahari ya Kaskazini upande wa Norway, palikuwa na jukwaa kubwa la chuma linaloelea, jina lake Alexander L. Kielland. Lilikuwa na miguu mitano, na wakati huo lilitumika kama makazi ya wafanyakazi wa visima vya mafuta. Walikuwamo watu 212. Hali ya hewa ilikuwa chafu, upepo mkali na mawimbi makubwa, lakini jukwaa lilijengwa kukabiliana na bahari ya namna hiyo. Ghafla moja ya mabomba yaliyoushikilia mguu mmoja likakatika. Mabomba mengine ya mguu ule yakalemewa na kukatika, mguu ukang'oka, jukwaa likalala upande, na kabla ya nusu saa kwisha likapinduka. Watu 123 walipoteza maisha.

Wachunguzi waliufuata ule ufa hadi mahali ulipoanzia. Bomba lililokatika lilikuwa na kipenyo cha zaidi ya mita mbili na nusu. Ufa wake ulianzia kwenye mshono mdogo wa milimita 6, ulioshikiza kipande cha kuwekea kifaa cha kusikilizia sauti chini ya maji. Kipande hicho hakikubeba mzigo wowote wa jukwaa. Ni kijikazi ambacho mtu angeweza kukiona kidogo. Lakini mshono wake ulikuwa na umbo baya na chuma hakikushikana inavyotakiwa. Na katika ufa ule wachunguzi wakakuta rangi. Rangi ndiyo iliyofichua siri: mshono ulikuwa umepasuka tangu karakana, kabla jukwaa halijakabidhiwa mwaka 1976. Brashi ilipita juu ya chuma kilichokwisha kupasuka, rangi ikaingia ufani, na kwa macho ya kila aliyetazama kazi ikawa imekamilika.

Ndugu yangu fundi, geti la mtaani si jukwaa la mafuta, najua. Hata hivyo tangi la lita 2,000 likijaa lina tani mbili za maji, na chini ya stendi yake watoto hucheza, mama anafua. Mshono ulioachia pale juu hautoi nafasi ya pili. Ndiyo maana nasema tuusome mshono wakati bado ni chuma kitupu.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Rodi inapogusa chuma na kuinuliwa kidogo, umeme huruka kwenye ule upenyo na kutoa joto la maelfu ya nyuzi. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,500 hivi, kwa hiyo hapo chini ya rodi hutokea dimbwi dogo la chuma cha moto. Ncha ya rodi nayo inayeyuka na kudondokea humo. Dimbwi hilo ni dhaifu sana mbele ya hewa, kwa kuwa oksijeni na naitrojeni zikiingia humo chuma hubaki na vitundu, tena huwa rahisi kukatika. Msweden mmoja, Oscar Kjellberg, aliyeanzisha kampuni ya ESAB mwaka 1904, ndiye aliyelipatia jambo hili dawa kwa kuivika rodi koti. Koti hilo likiungua hutoa moshi unaoisukuma hewa kando, kisha huacha ganda la slagi linaloufunika mshono hadi upoe. Kwa hiyo koti la rodi ni sehemu ya kazi. Rodi iliyobanduka koti upande mmoja haifai, hata kama inawaka.

Fundi anaongoza mambo manne tu: kiasi cha umeme, umbali wa ncha ya rodi na chuma, mlalo wa rodi, na mwendo wa mkono. Mambo manne hayo yanatosha kuharibu kila kitu, na yanatosha kukitengeneza. Kila moja linaacha alama yake kwenye mshono, na alama hizo ndizo ninazotaka tujifunze kuzisoma.

Chukua bamba la chuma la milimita 5 au 6, lisafishe, kisha pitisha mshono mmoja ulionyooka, urefu wa kiganja. Uache upoe kidogo. Gonga slagi, piga brashi ya waya, halafu usikimbilie kitu kingine. Inama utazame.

Mshono mzuri upana wake ni mara mbili hadi tatu ya unene wa rodi. Ukitumia rodi ya milimita 3.2, utarajie upana wa kati ya milimita 6 na 10, na upana huo uwe sawa mwanzo hadi mwisho. Umeinuka kidogo tu juu ya bamba. Kingo zake zimezama ndani ya chuma bila ngazi na bila mfereji. Mistari yake midogo imepinda kwa mduara na imefuatana kwa nafasi sawa. Slagi yake hutoka kwa kugongwa kidogo, wakati mwingine hujibandua yenyewe.

Ukiona mshono mwembamba uliosimama juu ya bamba, kingo zake zimevimba na kujikunja, na wakati wa kuchomelea rodi ilikuwa ikinata kila mara, hapo umeme ulikuwa mdogo. Chuma cha rodi kimeyeyuka lakini bamba halikuyeyuka, kwa hiyo viwili hivyo vimegusana tu. Mshono wa namna hii ndio unaodanganya kuliko yote, kwa sababu ni mnene na unaonekana una nguvu. Pigo moja la nyundo linaubandua wote.

Ukiona mshono mpana uliolala, cheche zimejibandika kila mahali, mistari yake imechongoka, na pembezoni kuna mfereji uliochimbika, umeme ulizidi. Utajua pia kwa rodi yenyewe, maana hugeuka nyekundu kabla hujaimaliza. Mfereji ule wa pembezoni ni adui mkubwa. Unaonekana mdogo, lakini hapo bamba limepungua unene, na kila mzigo unaotikisika utaanza kupasua hapo hapo.

Vitundu vikijitokeza, na mshono ukawa na upana usio na mpangilio, shuku umbali. Rodi ilikuwa juu mno, hewa ikapata mlango. Ncha ikae karibu, umbali unaolingana na unene wa rodi: milimita 3 hivi kwa rodi ya 3.2. Na kwa kuwa rodi inapungua inavyoungua, mkono lazima ushuke nayo muda wote. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapopotelea. Mkono unasonga mbele vizuri, lakini unasahau kushuka.

Mistari iliyochongoka kwenye mshono mwembamba inasema mwendo ulikuwa wa haraka. Mshono mnene uliojirundika na kumwagikia pembeni unasema ulikawia, tena mara nyingi slagi imetangulia mbele ya dimbwi na kunaswa ndani. Mlalo nao una siri yake. Kwa rodi hizi za koti, inamisha rodi kidogo kuelekea unakokwenda, nyuzi 10 hadi 15, uwe kama unaiburuta, ili nguvu ya moto iisukume slagi nyuma. Ukiisukuma rodi mbele, unazika slagi ndani ya mshono. Na kwenye kona ya vyuma viwili vilivyosimamiana, rodi igawe ile kona nusu kwa nusu, nyuzi 45, la sivyo chuma kimoja kitapata joto na kingine kitabaki na njaa.

Kuna jambo ambalo redio inaweza kulifikisha kuliko picha: sauti. Mshono unaokwenda sawa hutoa mlio mmoja mfululizo, kama maandazi yanapoingia kwenye mafuta yaliyoshika moto. Rodi ikiinuka mno, mlio unakuwa wa kupuliza na kukatika-katika. Umeme ukiwa mdogo, mlio unakwama na kuzimika. Mwalimu mzuri wa karakana anaweza kumrekebisha mwanafunzi akiwa amempa mgongo, kwa kusikiliza tu.

Mwenye mashine inayosoma ampea aanze na hesabu hii kwa rodi za kawaida za 6013: kati ya 60 na 90 kwa rodi ya milimita 2.5, na kati ya 90 na 130 kwa rodi ya 3.2. Pakiti ya rodi ina hesabu yake, isome. Kisha fuata sharti moja: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Pitisha mshono, andika kwa chaki ampea ulizotumia, badilisha ampea tu, pitisha mwingine pembeni yake. Baada ya mistari sita una kitabu chako mwenyewe cha mashine yako, juu ya bamba moja. Fundi anayebadilisha umeme, mwendo na mlalo kwa pamoja hatajua kamwe ni kipi kilichomponya.

Najua nitajibiwa: mashine zetu hazina namba. Ni kweli. Karakana nyingi za kwetu zinatumia mashine zilizosukwa hapa hapa na mafundi wetu, waya wa shaba juu ya mabamba ya chuma, zenye matundu mawili matatu ya kuchagua umeme, na nyingine hazina hata hayo. Nawaheshimu waliozisuka. Mashine hizo zimelisha familia nyingi. Lakini mwenye mashine ya namna hiyo ana sababu kubwa zaidi ya kuusoma mshono, maana mshono ndio mita yake. Umeme ukizidi na huwezi kuupunguza, chagua rodi nene zaidi, ongeza mwendo, au chomelea vipande vifupi na kupumzisha. Ukipungua, shuka kwenye rodi nyembamba. Na jioni taa za mtaa mzima zinapowaka na umeme ukalegea, usilazimishe kazi ya kubeba uzito. Fanya kazi ya kukata na kupima, ya kuchomelea iache hadi asubuhi umeme ukiwa na nguvu.

Kabla hujailaumu mashine, tazama waya. Waya mwembamba na mrefu hula umeme njiani. Waya wa kuvutia umeme ukiachwa umeviringishwa hupata joto, na siku moja utawaka, kwa hiyo ukunjue wote. Kisha tazama kibanio cha athi. Mara ngapi tunaona kimening'inizwa kwenye kutu, au chuma chakavu kimeegeshwa tu juu ya kazi? Umeme unakwenda na kurudi. Njia ya kurudi ikiwa mbovu, rodi itanata na mshono utakuwa baridi, nawe utazungusha kitufe cha mashine bure. Sugua chuma king'ae, ubane hapo.

Rodi zenyewe zina lugha yake, na namba zilizoandikwa ubavuni zinasomeka. Ile 6013, tarakimu 60 zinakuambia kwamba chuma chake, kikiwekwa vizuri, kinahimili mvuto wa angalau pauni 60,000 kwa kila inchi ya mraba. Tarakimu 1 inayofuata inasema rodi hiyo inafaa mikao yote: chini, ukutani na juu ya kichwa. Ya mwisho inaeleza aina ya koti. Ile 7018 inahimili pauni 70,000, na ndiyo mafundi wa madaraja na mitambo wanayoipenda kwa kazi nzito. Lakini 7018 haitaki unyevu hata kidogo. Unyevu ukiingia kwenye koti huzaa hidrojeni, na hidrojeni huingia kwenye chuma na kukipasua saa kadhaa baada ya wewe kufunga karakana na kwenda nyumbani. Ndiyo maana mahali pa kazi kubwa rodi hizo huhifadhiwa kwenye tanuri maalumu la nyuzi 120 hivi. Kwetu Tanga, Mombasa na Unguja, ambako hewa yenyewe ina maji, pakiti ya 7018 iliyokaa wazi wiki nzima haina tena sifa iliyoandikwa juu yake. Hata 6013, ingawa ni mvumilivu, itunze kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na sakafu.

Sasa usafi wa chuma. Kutu, rangi ya zamani, grisi na udongo vyote vinageuka gesi ndani ya dimbwi, na gesi inayotafuta njia ya kutoka ndiyo vitundu unavyoviona. Piga brashi au grainda hadi chuma king'ae, sentimita moja na nusu kila upande wa kiungo. Bomba lililopakwa zinki lisuguliwe zaidi, maana moshi wa zinki humletea fundi homa na kutetemeka usiku ule ule. Na chuma kinachozidi milimita 5 au 6 usikikutanishe kingo kwa kingo kisha ukapita juu. Mdomo wake uchongwe, pande zote mbili zifanye umbo la V la nyuzi 60 hivi, na chini pabaki upenyo wa milimita 2 au 3, ili moto ufike kwenye shina. Bila hivyo unachomelea ngozi, na mwili wa chuma unabaki haujaungana.

Kwa skwea paipu nyembamba, zile za milimita 1.2 au 1.5 tunazotengenezea madirisha, shida ni kinyume chake: zinatoboka. Dawa yake ni rodi ya milimita 2 au 2.5, umeme mdogo, na kuchomelea kidogo kidogo huku ukibadilisha upande. Shikiza kwanza kona zote nne, pima mraba kwa kuvuta futi kona hadi kona, ndipo ushone. Ukimaliza upande mmoja mfululizo, joto litaivuta fremu yote, na kesho yake dirisha halitafunga.

Nina jambo ninalolionea uchungu, na ninaomba nisikilizwe kwa upendo. Ni macho. Tunawaona vijana wetu wakichomelea kwa miwani ya jua, au wakifumba macho na kugeuza uso wakati wa kuwasha rodi. Usiku macho yanawawasha kana kwamba yana mchanga, wanawekewa maziwa au viazi, na asubuhi wanarudi kazini. Miwani ya jua haikutengenezwa kwa mwanga ule. Kioo cha kuchomelea kwa rodi hizi ni namba 10 au 11, na gharama yake haifiki hata sehemu ndogo ya thamani ya jicho. Mwaka 2017 wataalamu wa shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa kuchomelea, pamoja na miale ya mwanga wake, katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani. Kwa hiyo upepo upite, karakana iwe wazi, na kichwa kisikae juu ya moshi.

Lakini hata kama afya tungeiweka kando, na hatuwezi kuiweka kando, macho ndiyo mshono. Anayegeuza uso anachomelea kwa kukisia. Haoni dimbwi, anaona mwanga tu. Siri kubwa ya ufundi huu ni kutazama dimbwi lenyewe: upana wake, kingo zake zinavyoingia kwenye chuma pande zote mbili, na ule mstari ambapo slagi inalifuata kwa nyuma. Mkono unafuata jicho. Dimbwi likipanuka, mkono unaongeza mwendo. Ukingo mmoja ukichelewa kuyeyuka, rodi inaelekezwa huko. Hayo hayaonekani kwa miwani ya jua. Anayemnunulia mwanafunzi wake ngao ya uso yenye kioo halali amemfundisha nusu ya kazi siku hiyo hiyo.

Baada ya kuchomelea huja grainda, na hapa mafundi na wateja tumekoseana. Mteja anataka geti laini lisiloonyesha kiungo. Fundi, ili amridhishe, anasaga mshono hadi ulingane na bomba, anapaka puti, anamalizia na rangi. Kwenye kona ya vyuma viwili, nguvu ya mshono iko kwenye unene wake wa katikati, kutoka kwenye shina hadi kwenye uso. Mshono wa kona wenye miguu ya milimita 6 una unene wa milimita 4 na kidogo tu hapo katikati. Saga milimita 2 kwa ajili ya urembo, umeondoa karibu nusu ya nguvu. Na kama moto haukufika ndani, basi lile tuta ulilolisaga ndilo pekee lililokuwa limeshika. Kilichobaki ni puti na rangi. Mshono uliopita vizuri hauhitaji kufichwa, unapigwa brashi, unapakwa rangi ya kuzuia kutu, na uzuri wake ni ile mistari iliyopangana.

Fundi atajuaje kama ndani kumeshika? Hapa nataka tusogee karibu kabisa, kwa sababu kipimo chake hakigharimu kitu. Okota vipande viwili vya flati baa, urefu wa kiganja. Kimoja kilaze, kingine kisimamishe juu yake vifanye umbo la T. Chomelea upande mmoja tu, upande wa pili uache mtupu. Katikati ya mshono simama, kisha anza tena, kwa sababu mahali pa kuanzia upya ndipo penye udhaifu. Vipoe. Kibane kile kilicholala kwenye vaisi, shika nyundo nzito, ugonge kile kilichosimama kukilaza kuelekea upande uliochomelewa, hadi kipinde au kivunjike.

Kikipinda kikalala bila kuachia, mshono umefaulu. Kikivunjika, kiokote ukitazame kwenye mwanga. Uso uliovunjika wenye chembe za kijivu zinazong'aa, pande zote, na mstari wa kona uliolika kabisa, unasema chuma kiliungana. Ukiona ile kona ya chini bado imenyooka na safi kama ilivyokatwa dukani, moto haukufika kwenye shina. Ukiona vitundu, rudi kwenye umbali wa rodi na usafi wa chuma. Ukiona mstari mweusi wa slagi umenaswa ndani, rudi kwenye mlalo na mwendo. Na pale uliposimama na kuanza tena, tazama kama kuna shimo. Ili kuliepuka, ukitaka kuendelea safisha kwanza slagi, washa rodi sentimita moja mbele ya shimo la mwisho, rudi nyuma hadi ulijaze, ndipo usonge mbele. Na unapomaliza mshono usiondoe rodi ghafla. Tulia kidogo au rudi nyuma kidogo, shimo lijae, maana nyufa nyingi huzaliwa kwenye shimo la mwisho lililoachwa tupu.

Sasa nigeukie kwetu sisi wateja. Tumezoea kulipa kwa kuangalia rangi. Fundi anayechonga mdomo wa chuma, anayenunua rodi nzuri na anayerudia mshono mbovu, tunamwambia ni ghali. Anayeficha kwa puti tunampa kazi kwa sababu amepunguza bei. Kwa mtindo huo sisi wenyewe tunawafundisha kuficha. Tufanye hivi: unapoagiza geti au stendi ya tangi, patana na fundi kwamba utakwenda kuiona kabla ya rangi, na malipo ya pili utayatoa siku hiyo. Ukifika, huhitaji utaalamu. Pitisha kidole pembezoni mwa mshono, usikie kama kuna mfereji. Tafuta vitundu. Tazama kama slagi yote imetolewa, kwa sababu slagi iliyobaki huubandua mpako wa rangi na kukaribisha kutu. Tazama bawaba na miguu kuliko mapambo, maana huko ndiko uzito uliko. Na ukikuta kazi nzuri, sema hadharani, umlipe bila kumzungusha.

Kwa walimu wa vyuo vya ufundi, wa VETA na vyuo vingine, na kwa mafundi wakuu wanaolea vijana karakanani, ombi langu ni kwamba kuvunja kuwe sehemu ya kufundisha. Mwanafunzi avunje mshono wake mwenyewe, aushike mkononi, aeleze kwa maneno yake ni nini kilitokea. Mafundi wetu wana uwezo wa kufika mbali. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani karibu na Tanga lina urefu wa kilomita 1,443, na mabomba ya aina hiyo huunganishwa kwa kuchomelewa, kiungo baada ya kiungo, kisha viungo hupimwa kwa mionzi au mawimbi ya sauti yanayoona hadi ndani ya chuma. Katika kazi za namna hiyo fundi hutakiwa kufaulu jaribio kabla ya kukabidhiwa rodi, na jaribio lenyewe ni kukata na kukunja kile alichokichomelea. Kijana aliyezoea kuvunja mishono yake mwenyewe huingia kwenye jaribio hilo bila hofu.

Basi ndugu fundi, kesho asubuhi kabla ya kazi ya kwanza, tenga dakika kumi na rodi mbili. Tengeneza ile T, ivunje, itazame, rekebisha jambo moja, tengeneza nyingine. Fanya hivyo kila unapobadilisha pakiti ya rodi, kila unapohamia kwenye chuma cha unene mwingine, na kila kijana mpya anapoingia karakanani kwako. Vile vilivyovunjika vizuri vitundike ukutani wateja wavione, na mteja akiuliza ni vya nini, mweleze, kisha mwonyeshe kazi yake ikiwa bado haijapakwa rangi.